Boriti sita na kreni moja, Fuoni

Nilipomwambia Fundi nataka ukumbi wa ghorofani usio na nguzo katikati, alinikubalia upesi mno. Sikuuliza dari ya zege itakaa juu ya nini. Jawabu nilikuja kuiona juu ya lori lililotoka bandarini Malindi: boriti sita za chuma, kila moja mita 8.

Huku kwetu Unguja ukisema boriti, mtu anafikiria ya mkoko, ile anayoitia begani akenda nayo. Hizi zilikuwa za kimo cha sentimita 30, kilo 42 kila mita, yaani karibu kilo 340 kwa boriti moja. Na zilitakiwa zipande mita 7 kutoka chini.

"Sheikh, tuletee kapi mbili na vijana kumi na wawili," Fundi akaniambia. "Siku mbili tu, tumemaliza."

Labda angemaliza. Lakini mimi nilishawahi kuona chuma kikiteleza kwenye kamba, na aliyekuwa chini yake anachechemea mpaka leo. Nikamwambia hapana, tutafute kreni. Wengine wanaiita winchi, jina la kule bandarini, na nilipopiga simu mbili tatu nikaona majina yote mawili yanafahamika.

Hapo ndipo nilipogundua kuwa nimekwenda sokoni bila kujua ninachonunua. Kila niliyempigia nilimwambia uzito: kilo 340, si kitu kikubwa. Wa kwanza akanitajia lori lenye mkono wa kunyanyulia, shilingi 350,000 kwa safari. Nikaona nimeokoka. Bahati Fundi alikuwa pembeni, akanipokonya simu akauliza suala moja: mkono wake unafika mita ngapi? Haukufika hata nusu ya tulipotaka. Nyumba yangu iko nyuma ya nyumba ya jirani, na gari kubwa haliwezi kuingia uani. Kreni itasimama uchochoroni, inyanyue juu ya ukuta, ipeleke boriti ya mwisho umbali wa mita 18.

Kumbe katika kreni unalipia umbali kuliko uzito. Ile inayoitwa ya tani 25 hunyanyua tani 25 mzigo ukiwa karibu nayo kabisa, mita tatu hivi. Kadiri mkono unavyolala kwenda mbali, uwezo unaporomoka, na ukifika mita ishirini unazungumzia tani moja au mbili. Tena kulabu na mikanda nayo ina uzito wake, inahesabiwa pamoja na mzigo. Kwa hiyo kwa boriti ambazo moja moja hata tani moja hazifiki, ilinibidi nikodi kreni ya tani 25.

Nilipata bei mbili za kueleweka. Mmoja alitaka shilingi 1,400,000 kwa siku nzima, mafuta na opereta ndani yake. Wa pili alitaka 180,000 kwa saa, usikodi chini ya saa nne, na juu yake 300,000 ya kuileta na kuirudisha. Kwa saa nne ni 1,020,000. Nikachagua ya saa, lakini kwanza nikamuuliza jambo ambalo nakushauri nawe uulize: saa inaanza kuhesabiwa lini? Ikitoka kwenye yadi, ikifika kwangu, au ikinyanyua? Akasema ikifika. Nikamwomba aandike.

Ile 300,000 ya kuileta ilinikera. Nikazunguka mtaani kuangalia nani anajenga. Nyumba ya nne kutoka kwetu kuna kijana alikuwa anataka kupandisha mapaa ya chuma, anasubiri fedha za mwisho wa mwezi. Tukapatana: kreni ije siku moja, asubuhi kwangu, alasiri kwake, gharama ya safari tugawane nusu kwa nusu. Mwenye kreni alinuna kidogo, akakubali.

Siku tukaifanya Jumatano. Ijumaa niliikataa mwenyewe, maana saa sita kazi ingesimama kwa ajili ya sala na saa ya kukodi isisimame. Ilikuwa Julai, kusi linavuma, na mchana upepo unazidi. Boriti ya mita 8 ikining'inia hewani upepo huizungusha kama mlango usio na komeo. Basi saa moja na nusu asubuhi iwe imefika. Jana yake tulipanga boriti kwa namba, tukachimbia bolti za kufungia juu ya kuta, nikaenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa, kumjulisha kuwa uchochoro utafungwa. Nyaya za umeme zilikuwa upande wa pili wa njia, lakini nilizipima kwa macho mara tatu usiku ule.

Ikafika kwa wakati. Opereta, kijana wa Bara, aliteremka akaangalia ardhi kabla hata ya kuangalia nyumba. Mvulana wake akaanza kutandika mbao nene chini ya miguu minne ya kreni. Kwenye mguu wa nyuma kulia opereta akamzuia. Akachukua kipande cha nondo, akagonga chini. Tii. Akasogea hatua moja, akagonga tena. Dum.

"Mzee, hapa chini kuna nini?"

Nikamwambia mawe tu, Fuoni yote ni mawe. Akagonga tena, akanitazama. Mwenyewe nilisikia ile sauti, kama unagonga mtungi mtupu. Tukachimba kidogo kwa jembe na chini ya mchanga tukakuta kifuniko cha zege cha karo la zamani, shimo la maji machafu.

Mguu mmoja wa kreni hubeba mzigo mkubwa sana mkono unapogeukia upande wake. Ungezama. Na mkono wa kreni ungekwenda wapi, sipendi kuwaza.

Ikabidi isogee mbele mita nne. Mita 18 zikawa 22. Opereta akaingia chumba cha kuendeshea, akafuata kwa kidole mstari wa jedwali la uwezo wa kreni, akasema inatosha, tani moja na kitu. Saa nzima ikaliwa hapo, yaani 180,000 imelala ardhini pamoja na karo.

Kunyanyua kwenyewe ndiko kulikokuwa kwepesi. Kijana mmoja ameshika kamba ya kuongozea mwisho wa boriti, Fundi juu ya ukuta anapiga ishara kwa mkono, boriti inashuka taratibu mpaka tundu zinapokutana na bolti. Dakika ishirini kila moja. Baada ya ya sita tulikuwa na nusu saa hivi, nikasema maadamu inalipiwa, pandisheni tanki la lita 5,000 na mafungu ya nondo. Tanki tupu hata kwa kamba lingepanda, lakini nondo zilinipunguzia siku nzima ya vijana.

Saa sita na nusu ikakunja miguu. Saa tano kwa 180,000 ni 900,000, na nusu yangu ya safari 150,000. Jumla 1,050,000.

Jioni bibi wa nyumba ya mbele akatoka kuangalia lile shimo tulilolifukia.

"Hilo karo alichimba marehemu mume wangu," akasema. "Jana mlikuwa mnapimapima hapa mchana kutwa, na mimi nimekaa barazani. Mbona hamkuniuliza?"