Damu ya pili

Ijumaa jioni, Moshi

Wiki hii yote nimeshinda nikitafuta watu waliokwisha kupona.

Nikiwaambia ndugu zangu kwamba mimi ni muuguzi wa utafiti, huniwazia nimesimama wodini usiku kucha na wagonjwa mahututi. Hiyo ni nusu ya kazi. Mgonjwa wa homa akilazwa, tukamweleza utafiti naye akakubali, namtoa damu siku hiyo hiyo. Lakini utafiti wa homa hausimami kwa damu hiyo peke yake. Baada ya wiki nne hadi sita, mtu yule yule lazima atolewe damu tena, na kufikia hapo mgonjwa hayuko wodini. Yuko shambani, yuko mnadani, yuko nyuma ya ng'ombe wake, na kitanda alichokuwa amelalia kimeshapokea wengine. Sisi wa kitengo cha utafiti tunaiita damu ya pili.

Sababu yake ni hii. Magonjwa mengi yanayoleta homa huku kwetu hayaonekani kwenye darubini ya kawaida, na vijidudu vyake ni vigumu kuoteshwa maabara. Kinachopimwa ni kingamwili, yaani askari ambao mwili wenyewe huwatengeneza baada ya kuvamiwa. Siku ya kulazwa askari hao bado ni wachache, au wapo lakini huenda ni wa ugonjwa wa mwaka juzi. Wakionekana wameongezeka mara nne au zaidi kati ya damu ya kwanza na ya pili, hapo ndipo maabara inathubutu kusema kwamba homa ile ilikuwa ugonjwa huu. Kwa hiyo jibu linapatikana wakati mwenye homa ameshapona, au ameshazikwa.

Nimefanya kazi hii kwa miaka sasa na jambo hilo bado sijalizoea. Mtu anatoa damu akiwa mzima, kwa ajili ya jibu ambalo kwake limechelewa.

Niandike na historia kidogo, maana vijana wanaokuja mafunzoni wanaikuta hali ya leo wanadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Zamani homa ilikuwa malaria, basi. Ukilazwa na homa unaandikiwa malaria, unawekewa kwinini kwenye dripu, ndugu wanasubiri nje. Mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake walichapisha utafiti wao kutoka hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 waliotibiwa malaria kali walipimwa damu zao upya kwa uangalifu, na waliokutwa na vimelea kweli walikuwa 2,062, chini ya nusu. Kilichoniuma zaidi ni vifo. Waliokuwa na vimelea walikufa kwa asilimia 6.9. Wasiokuwa navyo, ambao nao walitibiwa malaria, walikufa kwa asilimia 12.1, na wengi wao hawakupewa antibiotiki hata moja. Yaani aliyekuwa hatarini zaidi ndiye aliyekuwa anatibiwa ugonjwa asiokuwa nao.

Swali likabaki: kama si malaria, ni nini?

Hapo ndipo unaingia utafiti ambao mimi naona kila mwanafunzi wa udaktari hapa Moshi angepaswa kuujua kama anavyojua jina la mtaa wake. Ulifanyika KCMC, hospitali ya rufaa na ya kufundishia iliyopo hapa tangu 1971, pamoja na hospitali ya mkoa ya Mawenzi, kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008. John Crump na wenzake waliandikisha wagonjwa 870 waliolazwa na homa kali, watoto na watu wazima. Madaktari wa wodini walikuwa wameandika malaria kwa wagonjwa 528, asilimia 60.7. Vipimo vyote vilipokamilika, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Kumi na wanne tu, asilimia 1.6.

Mara ya kwanza kuisoma ile karatasi nilirudi juu kuhakikisha sijaruka mstari.

Wengine walikuwa na nini? Wapo waliokuwa na bakteria kwenye damu, karibu mmoja katika kila kumi. Wapo waliokuwa na chikungunya, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza hapa hapa nchini, kusini kwenye uwanda wa Makonde, baada ya mlipuko wa 1952. Na katika wale waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, 118, zaidi ya robo, walikutwa nayo: leptospirosisi (ya mkojo wa panya) 40, riketsia ya homa ya kupe 36, homa ya Q (ya mifugo) 24, bruselosisi (ya mifugo na maziwa mabichi) 16, na wawili wa jamii ya taifasi (ya viroboto na chawa). Halafu kuna sentensi moja ambayo naikumbuka kila nikipita na fomu zangu wodini: hakuna mgonjwa hata mmoja ambaye magonjwa hayo yaliwekwa kwenye orodha ya yanayoshukiwa siku ya kulazwa. Hata mmoja. Na hawa walikuwa wagonjwa wa mji uliozungukwa na ng'ombe, mbuzi, mbwa wenye kupe na mashamba ya mpunga yenye panya.

Siwalaumu madaktari wale. Daktari wa zamu hawezi kuwaza ugonjwa ambao hajawahi kuona jibu lake likirudi kutoka maabara. Ndiyo maana naipenda hospitali ya kufundishia yenye kitengo cha utafiti ndani ya uzio ule ule: anayeuliza swali anapishana kwenye korido na anayetibu, na mwanafunzi anawasikia wote wawili.

Turudi kwenye wiki yangu. Jumanne tulikwenda Mabogini, kule chini kwenye skimu ya mpunga. Bibi tuliyemfuata alilazwa mwezi uliopita na homa, macho ya njano, na maumivu ya mashavu ya miguu kiasi kwamba alipiga kelele nilipomgusa kumsogeza kitandani. Simu aliyotuandikisha ilikuwa ya mjukuu, na mjukuu ameshabadilisha laini. Tukaanza na mwenyekiti wa kitongoji, naye akatupa kijana wa bodaboda anayewajua watu wote wa mfereji ule.

Tulipopiga hodi alitutambua kabla sijamaliza salamu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mmefuata damu."

Akavuta kigoda, akakunja mkono wa blauzi mwenyewe, akaniwekea mkono juu ya goti. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imejikunja kwa maji, maana alikuwa ametoka kupandikiza miche. Kwenye kifundo cha mguu alikuwa na mkwaruzo mpya, uliofunikwa tope lililoanza kukauka. Kwa anayejua leptospira, vijidudu vya leptospirosisi, ule mkwaruzo unasema mengi: mkojo wa panya unaingia majini, vijidudu vinaingia kwenye ngozi iliyochubuka. Hakuna zaidi ya hapo.

"Ile ya kwanza ilisema nini?" akaniuliza nikiwa nafunga mpira.

"Bado bibi. Inapimwa pamoja na hii ya leo."

"Na hii itanisaidia nini, maana nimeshapona?"

Wengine hujibu swali hili kwa kuzungukazunguka. Mimi nimejifundisha kulijibu moja kwa moja, kwa sababu fomu ya ridhaa nilimsomea mwenyewe, akaweka dole gumba mbele ya shahidi, na fomu hiyo haikumwahidi dawa.

"Wewe pengine haitakusaidia. Itawasaidia watakaolazwa baada yako."

Akafikiri kidogo. "Basi toa. Mjukuu wangu naye anashinda humo humo majini."

Tulimrudishia nauli kama utaratibu unavyosema, ingawa ni sisi tuliomfuata. Alitupa limau za mti wake, tukazipokea.

Jirani alikuwa amesimama mlangoni akitusikiliza, akauliza lile swali ambalo hatukosi kulikuta kila kijiji: hiyo damu mnaipeleka wapi, mnaiuza? Nimesikia wenzangu wakilicheka swali hili na sipendi. Ni swali la haki. Nilimweleza kwamba damu haiuzwi, kwamba utafiti una kibali cha kamati ya maadili na cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kwamba kiasi ninachotoa kimeandikwa kwenye fomu. Nikamwambia pia kwamba sampuli zinaweza kusafirishwa nje ya nchi kwa mkataba maalumu, pale ambapo kipimo hakifanyiki hapa. Kwa utafiti ule wa 2007, magonjwa ya wanyama yalipimwa Marekani. Ukimficha mtu jambo hilo leo, kesho akisikia kwingine hatakuamini hata ukimwambia dawa ya minyoo ni salama.

Jioni maabara. Damu iliyoganda inazungushwa kwenye sentrifuji, chembe nyekundu zinashuka chini, juu linabaki tabaka la majimaji ya manjano. Hilo ndilo tunalolitaka. Linanyonywa kwa pipeti taratibu usiguse wekundu, linagawanywa kwenye vichupa vidogo, kila kimoja na namba yake bila jina, kisha friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kichupa cha bibi kikawekwa kwenye sanduku moja na cha mwezi uliopita. Karatasi ya joto imebandikwa mlangoni mwa friza, inasainiwa asubuhi na jioni, na umeme ukikatika mtu wa zamu anakimbilia jenereta kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Ukiyeyusha friza umepoteza neno la watu mia kadhaa.

Ukiniuliza kama kazi hii imebadilisha kitu, nakujibu ndiyo, na si kwa kujipa moyo. Siku hizi kipimo cha haraka cha malaria kikiwa hasi, wodini watu wanakubali kwamba ni hasi. Wanafunzi kwenye raundi wanauliza kazi ya mgonjwa, wanauliza kama ana mifugo, kama anakunywa maziwa yasiyochemshwa. Alhamisi nilimsikia daktari intani mmoja akimuuliza mfugaji wa wilaya ya Hai kama ng'ombe wake wametupa mimba mwaka huu, dalili ya bruselosisi, nikafurahi mno. Bado kuna kazi. Antibiotiki ya seftriaksoni ndiyo inayokimbiliwa, nayo haiui riketsia wala homa ya Q. Doksisaiklini, antibiotiki nyingine, ni ya bei ndogo, ya siku nyingi, na inayatibu hayo mawili, lakini kwa homa isiyojulikana naiona ikiandikwa kwa nadra sana.

Julai 2022, Wizara ya Afya ilipotangaza kwamba ugonjwa uliozuka Ruangwa mkoani Lindi, uliowapata watu 20 na kuua watatu, ni leptospirosisi, ile iliyopewa jina la homa ya mgunda, simu yangu haikupumzika. Shangazi, majirani, watu wa kwaya, wote wakiuliza huu ugonjwa mpya umetoka wapi. Mpya! Ulikuwa umeshaandikwa hapa Moshi kwa watu 40 wenye namba zao kwenye vichupa. Utafiti ulitoka jaridani mwaka 2013. Ulisomwa Geneva, ulisomwa Atlanta. Mabogini haukusomwa, kwa sababu hakuna aliyeupeleka huko kwa lugha ya watu wa huko.

Hapa ndipo ninapotaka kubishana, na kubishana huku si kwa ajili ya utafiti mmoja. Bajeti za utafiti ninazoziona zina fungu la kukusanya sampuli, fungu la kuzisafirisha, fungu la kuchapisha, fungu la mikutano. Fungu la kurudi kijijini na majibu huwa dogo au halipo. Bibi yule alipoacha kupandikiza mpunga ili anipe mkono wake, alitoa kitu kilichokamilisha utafiti. Bila yeye damu ya kwanza ni nusu ya sentensi. Aliyekamilisha sentensi anastahili kusomewa. Simaanishi kumpa jibu lake binafsi tu, ingawa nalo ni haki yake pale linapopatikana. Namaanisha kikao chini ya mti, mwenyekiti akiwepo, bwana mifugo akiwepo, watu wakiambiwa kwamba homa zilizowalaza mwaka huu zilikuwa hizi na hizi, kwamba mkwaruzo ufungwe kabla ya kuingia jarubani, kwamba maziwa yachemshwe, kwamba ukifika zahanati useme unalima mpunga hata kama hujaulizwa.

Jumatatu saa nne kuna kikao cha kuandaa itifaki ya utafiti unaofuata. Nimeandika hoja yangu kwenye ukurasa mmoja: usafiri wa siku mbili kwa kila kata iliyotoa washiriki, posho ya bwana mifugo, mabango ya Kiswahili yenye picha, na tarehe ya kurudi iandikwe ndani ya fomu ya ridhaa yenyewe, ili ikifika watu watudai. Mratibu ameshaniambia nafasi yangu kwenye ajenda ni ya mwisho na muda ni mfupi. Nimemwomba aipandishe iwe ya pili, kabla ya bajeti ya vifaa.