Nilivyomaliza ugawaji wa karata za chini ya pakiti kijiweni kwetu bila kumwita mtu mwizi

Mtu akigawa karata yeye anashinda, akigawa mwingine anafungwa kama sisi wote, huyo usiseme ana bahati, angalia mikono yake. Mi ni kinyozi, kijiwe chetu kipo Magomeni nje ya saluni yangu, benchi mbili na meza ya mbao, jioni wateja wakipungua tunacheza lasti kadi, yaani anayemaliza karata zake mkononi wa kwanza ndo kashinda. Tunachezea soda na chipsi, ikizidi sana mtu anaweka buku, na hata hiyo buku Mzee wa kijiwe huwa anaikemea, anasema kamari yenye leseni ina Bodi yake na majengo yake yenye viyoyozi, nyie hapa kwenye benchi mtakuja kubebwa na difenda.

Basi kuna jamaa wa bajaji akaanza kupaki pale kwetu. Mcheshi, mkarimu, akinunua maji ananunua ya watu wote, yaani humchukii. Ila akawa anatula. Kwa sheria za kijiwe chetu ukiangusha joka anayefuata anaokota tano, ukiangusha mbili anaokota mbili, ree, ile yenye A, unaita unachotaka, kopa, uru, pau au shupaza. Sasa unakuta ndo kwanza karata zimegawiwa, mwenzio kashika joka zote mbili na ree juu, we umeshika takataka tupu, utatokea wapi?

Kioo changu kikubwa cha saluni kinaangalia mlangoni, kwa hiyo nikiwa namnyoa mtu nimewapa mgongo wacheza karata, benchi lote naliona kwenye kioo. Nikawa naangalia. Raundi ikiisha karata zimezagaa mezani, jamaa ndo wa kwanza kujitolea kukusanya. Anakusanya huku anapiga stori za Simba na Yanga, anamtania huyu, anamuuliza yule kaka mbona umekonda, na mkono unaokota joka kwanza, joka ya pili, ree, mbili, halafu zile zisizo na kazi ndo zinafunika juu. Kwa hiyo nzuri zote zimekaa chini ya pakiti. Halafu anachanga, na anachanga kwa mbwembwe kweli, ila ukitulia unaona anachochomoa ni cha katikati anakirushia juu, cha katikati anakirushia juu, lile fungu la chini halijaguswa hata mara moja.

Hapo nikajua nusu ya kwanza. Nusu ya pili, yaani zile za chini zinamfikiaje yeye wakati karata zinagawiwa kutoka juu, sikuiona kabisa, na niliangalia haswa.

Kuna mtu atasema si ungemwambia tu. Neno mwizi mjini hapa halirushwi hovyo jamani, kuna watu wanaokota mawe kwanza ndo wanauliza baadaye kaiba nini, na mtu mwenyewe kala chipsi na buku mbili tatu, siwezi kubeba dhambi ya namna hiyo kwa ajili ya chipsi. Isitoshe ushahidi wangu ulikuwa ni nini, kioo? Nikaamua nijifunze mwenyewe hiyo kazi mpaka niiweze, ndo nijue inazuiwaje.

Bando la usiku likafanya kazi yake. YouTube wapo watu wanaonyesha haya mambo wazi wazi, wengine wanamazingaombwe, wengine wanazunguka kuwafundisha watu wa kasino namna ya kujilinda. Wote wanarudi kwa mtu mmoja aliyejiita S. W. Erdnase, alitoa kitabu Chicago mwaka 1902 kinachoeleza ujanja wa karata kidole kwa kidole, na mpaka leo watu wanabishana jina lake halisi ni nani. Nilichompendea ni kwamba hajifanyi mlokole, mwanzoni tu anasema kaandika kwa sababu anahitaji hela.

Ugawaji wa chini unaenda hivi. Pakiti inakaa mkono wa kushoto, kidole cha shahada kinazuia mbele, vidole vingine vitatu vimekumbatia ubavu, gumba lipo juu. Gumba linaisukuma karata ya juu kidogo kama kawaida na mkono wa kulia unakuja kuichukua, ila ule mkono ukishafika unaifunika pakiti kwa mbele, na hapo hapo kidole cha pete kwa chini kinaitokeza karata ya mwisho, kulia kunaondoka na hiyo ya chini, na gumba linairudisha ile ya juu pale pale ilipokuwa. Wewe uliona gumba limesukuma, ukaona mkono umechukua, kichwa chako kikajijazia katikati. Siku ya kwanza kujaribu karata zilimwagika kitandani mke wangu akauliza unatafuta nini.

Shida nyingine ni joto la Dar. Zile karata za karatasi za machinga wa Kariakoo, mwezi wa pili na jasho la mkono, zinanata, ukisukuma moja zinatoka tatu. Nikapaka poda ya mtoto, zikawa zinateleza kupita kiasi. Nikanunua za plastiki, hizo zikichafuka unafuta na kitambaa chenye maji zinarudi mpya, na ndo hapo nikakumbuka kuwa jamaa wa bajaji karata za plastiki za kijiwe alileta yeye, kama zawadi! Nilicheka peke yangu.

Mkono wa kinyozi umezoea kushika mashine muda mrefu bila kutetemeka, nadhani hilo lilinisaidia, maana baada ya muda karata ya chini ikaanza kutoka bila kukwama. Ile ya kugawa karata ya pili, yaani unaibakiza ya juu unatoa inayofuata, hiyo ilinishinda kuifanya safi na sina haja ya kuficha. Kuna Mmarekani anaitwa Richard Turner, haoni kabisa, kipofu, na anaifanya hiyo ya pili mbele ya watu wanaomkodolea macho wasione kitu. Mi ninachoweza ni kuisikia. Karata ya pili ikitoka inakwaruza juu na chini kwa pamoja, mlio wake ni mrefu kidogo kuliko wa kawaida, ila uwe mahali pa kimya, na kijiweni Magomeni bodaboda zinapita utasikia nini.

Katika kujifunza nikaenda pia Kariakoo kuwaangalia wale wa karata tatu, unaotakiwa kutaja malkia yupo wapi, nimesimama mbali na mfuko wangu wa mbele nimeushika. Wale wanakulia macho yale yale. Karata zimekunjwa mgongo kidogo ili zishikike, mkono wa kulia umebeba mbili, ya chini ndo malkia umeonyeshwa, anarusha. Kila mtu anaamini imetoka ya chini maana ndo inayoonekana, kumbe kaachia ya juu. Ukiifuata hiyo unayoiamini umeshapigwa. Na lile la kona ndo baya zaidi, mmoja wa waliozunguka, ambaye ni mwenzao, anajifanya kumwibia mchezeshaji, mchezeshaji akigeuka yeye anakunja kona ya malkia, anakukonyeza. We unajiona mjanja, unaweka msimbazi mzima, na katika kurusha raundi ile mchezeshaji kainyoosha kona ya malkia kakunja ya karata nyingine. Hao waliokuzunguka wanaoshinda shinda wote ni kambi moja, mteja pale huwa ni mmoja tu. Changa la macho la kisomi kabisa, na huwezi kwenda kushtaki maana we mwenyewe ulikuwa unataka kuiba.

Kilichonikaa kichwani ni kwamba kukodoa macho hakusaidii. Mi najua kinachofanyika, najua kidole kipi, na bado nikimwangalia jamaa kwenye kioo naona mtu anagawa karata kawaida. Labda kifundo cha kidole cha pete kinacheza kidogo, labda. Kwa hiyo kumkamata nikaachana nako, nikatafuta namna ya kumfungia njia.

Jioni moja nikafunga mashine mapema, nikakaa mezani, nikasema wakuu leo sichezi, nawaonyesha kitu nimekiona mtandaoni. Nikakusanya karata, nikapanga joka chini mbele yao, nikachanga kwa uongo, nikagawa watu wanne. Nikafunua zangu. Joka, joka, ree, mbili. Kelele zilizopigwa pale mpaka muuza mihogo wa ng'ambo akavuka. Nikarudia taratibu, wakasema rudia, nikarudia. Jamaa wa bajaji yeye alikuwa kimya, kainama anaangalia mkono wangu wa kushoto, halafu ikamtoka tu, "Kaka, kidole chako cha pete kinachungulia."

Watu wakacheka wakidhani anatania. Mi nikamwambia asante, nikakirudisha ndani. Mzee hakucheka. Mzee alimwangalia jamaa, akaniangalia mimi, akavua miwani akafuta na shati, akasema, "Wanangu, kama huyu kinyozi anaweza haya, basi kuanzia leo hapa karata zitagawiwa kwa utaratibu." Hajamtaja mtu. Wazee wa Dar wana adabu yao ya kusema jambo likamfikia mwenyewe bila jina.

Utaratibu wenyewe nilishaufikiria. Anayekusanya hagawi. Anayechanga ni mwingine, na anachanga kwa kupasua pakiti mafungu mawili na kuyaingiza pembe kwa pembe zikilia trrr, mara saba, sio kurushia juu juu. Hiyo saba sikuibuni, kuna wanahisabati wawili Marekani, Dave Bayer na Persi Diaconis, walipiga hesabu wakaitoa mwaka 1992 kwamba pakiti ya karata 52 inahitaji kama mara saba za namna hiyo ndo ichanganyike vya kutosha. Na huyo Diaconis si mtu wa vitabu tu, akiwa na miaka 14 aliondoka nyumbani akazunguka na mwanamazingaombwe Dai Vernon, mzee aliyekuwa anawatafuta wacheza kamari mji kwa mji ajifunze mbinu zao, kwa hiyo anajua anachokihesabu. Mzee aliposikia mara saba akasema tutakesha, ila ikapita.

Halafu kukata. Watu wanadhani kukata kunatosha, hakutoshi, fundi anaweza kukunja karata moja kidogo sana ubavuni ili anayekata akatie pale pale anapotaka yeye bila kujua, au anarudisha mafungu yalivyokuwa wakati anaokota pakiti. Kwa hiyo ukishakata, chini ya pakiti inawekwa karata ya nje, imetoka pakiti nyingine yenye mgongo mwekundu wakati zetu ni za bluu. Ikitoka karata ya chini inatoka nyekundu, kila mtu anaiona hata aliyelewa. Kasino nazo zinafunika chini ya pakiti kwa kipande cha plastiki, sababu ni hiyo hiyo.

Ya mwisho ilizua ubishi, simu. Hakuna simu juu ya meza upande wa mgawaji. Vijana wakalalamika, mtu anasubiri meseji ya mteja, mwingine anasubiri muamala. Nikawaonyesha, nikazima skrini nikailaza mezani, nikagawa karata zikipita juu yake, nikawatajia kila mtu kashika nini kabla hajaokota. Skrini nyeusi ni kioo kamili, kona ya karata inasomeka vizuri. Zamani walificha vioo vidogo kwenye viko na pete, siku hizi kila mtu anatembea na chake mfukoni kanunua kwa mkopo. Simu zikaondoka mezani bila maneno.

Jamaa wa bajaji hakuja kijiweni kwa muda. Nikadhani kahamia Mwananyamala au Tandale, huko sijui wana Mzee wa namna gani. Halafu akarudi, akaingia saluni kunyoa, akakaa kwenye kiti, tukawa tunaangaliana kwenye kioo kile kile. Nikamfunga kitambaa shingoni. Akaniuliza ile karata nyekundu niliitoa wapi. Nikamwambia nimejifikiria tu. Akasema, "Umenibana, bro," basi, akaomba nimpunguze pembeni nimwachie juu. Nilimkata bei ya kawaida.

Anacheza na sisi mpaka leo, na mtu akimwangalia anavyocheza kwa karata halali ni mzuri hivyo hivyo, anakumbuka zilizoanguka, anajua lini abakize ree. Vijana wanamfuata awafundishe kugawa cha chini, anawatuma kwangu, mi nawarudisha kwake. Jana kafungwa, chipsi za watu wote kalipa yeye, na kuku robo juu.