Hatua kumi na tisa

Mwaka 1991 nilikuwa darasa la sita, na likizo ya Agosti yote niliimaliza nikimpelekea babu chai na mahamri pale kwenye kanisa la Wareno, Malindi. Alikuwa fundi wa makuti. Walikuwa wakiezua paa lililooza ili waezeke viungo vipya vya makuti.

Kanisa lenyewe ni dogo mno: chumba kimoja cha mawe, kimeelekea bahari. Padri Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542, yuko njiani kwenda Goa, na hapa mjini wakamzika mtu aliyefia chomboni mwao. Kwenye barua yake aliandika kwamba Waislamu wa Malindi walipendezwa na jinsi Wakristo walivyomzika maiti wao. Nalipenda sana neno hilo, maana ndivyo alivyokuwa babu.

Makaburi yaliyolizunguka kanisa mengi ni ya baadaye sana, ya Wazungu waliokuja pwani. Adhuhuri moja babu alishuka ngazini, akaketi kivulini karibu na jiwe lililolala.

"Hebu nisomee hili, mjukuu wangu."

Yeye alisoma herufi za Kiarabu tu. Chumvi ya bahari ilikuwa imelila jiwe, sikuona kitu. Nikalimwagia kopo la maji. Maji yakajaa kwenye mikato, herufi zikachomoza nyeusi, na papo hapo jua likaanza kuzifuta. Nikapitisha kidole mbiombio. Kwa kumbukumbu ya mpendwa wetu... Jina lilikuwa limebaki herufi tatu za mwisho. Chini yake, umri: miaka 31.

"Bin nani?"

"Hawakuandika, babu."

"Hata baba yake?" Akanyamaza kitambo. "Kule Gede, magofuni, lipo kaburi limeandikwa mwaka, 802 wa Hijra. Mpaka leo lasomeka. Na huyu wa juzi tu, jina lishakwenda. Maskini, mwana wa watu."

Akachukua panga lake la kukatia kamba, akang'oa magugu pembeni mwa jiwe lote, taratibu, kama anayemnyoa mtoto. Kisha akapanda tena juu ya paa.

Jioni hatukwenda nyumbani moja kwa moja. Alinipitisha makaburini alikolala bibi, ambaye mimi sikumdiriki. Hapakuwa na maandishi: jiwe la tumbawe kichwani, jingine miguuni, sawasawa na majirani zake wote. Babu akanisimamisha chini ya mkwaju.

"Hesabu hatua mpaka kwake."

"Zangu au zako?"

"Zako. Zangu zitasita."

Zilikuwa kumi na tisa. Akanirudisha mkwajuni, nikahesabu tena, na mara ya tatu akaniambia nifumbe macho.

Siku hizi, kwa miguu ya mtu mzima, ni hatua kumi na tatu. Mawe ni manne, mawili ya bibi na mawili ya babu.