Paa wa Hamdani, usiku wa hina

Mtoto wa kaka yangu hupenda kuniuliza mambo nikiwa nimeshika sufuria ya moto. Juzi alikuwa sebuleni na simu yangu, anatazama katuni ya binti mfalme, mara akapaza sauti: "Shangazi, imeisha na hajaolewa! Imekatika?" Nikamwambia haijakatika. "Sasa anampenda nani?" Dada yake, nikasema. Akaguna, akatafuta nyingine.

Mimi kwa mawazo nilishafika Ngamiani, Tanga, barabara ya kumi na mbili, uani kwa Bibi, usiku wa hina ya mtoto wa mama mkubwa.

Umeme ulikatika katikati ya kanda ya taarabu ya Black Star. Bibi harusi yuko mkekani, miguu kainyoosha, hina mbichi hadi kwenye vifundo, hawezi hata kujikuna. Ikawashwa kandili. Wanawake wakaanza kumwandama Bibi: tupe hadithi basi, usiku mrefu huu. Bibi akasogeza tambuu shavuni, akasema, "Paukwa!" Tukaitika, "Pakawa!"

Akatupa ya Sultani Darai. Mnaijua: Hamdani, fukara anayepekua jaani chenga za mtama, akaokota thumni, badala ya kununua chakula akanunua paa. Paa akaokota almasi, akaipeleka kwa sultani wa mji wa mbali, akasema nimetumwa na bwana wangu, Sultani Darai, anataka kumuoa binti yako. Hapakuwa na Sultani Darai yeyote, jina kalitunga paa mwenyewe. Akamuua joka wa vichwa saba, nyumba ya joka akampa bwana wake. Harusi yenyewe, ambayo sisi wasichana ndiyo tuliyoingojea, Bibi aliimaliza kwa pumzi moja: wakaoana, wakakaa.

Kisha paa akaugua, na hapo Bibi hakuwa na haraka tena. Akamwigiza yule kizee mtumishi anayepanda ngazi kwa shida kwenda kumwambia bwana kwamba paa anaumwa, kichwa, mwili mzima, homa haishuki. Akanyamaza, akatema tambuu, akatuacha tunasikiliza baiskeli zinazopita barabarani. Kisha akatoa sauti ya Hamdani, kavu, ya mtu aliyekatizwa maongezi: "Mpikieni uji wa mtama." Mtama ule mwekundu. Mke akaanza kulia: bwana, paa huyu ndiye macho yako, leo umpe uji wa mtama? Kizee akashuka, akapanda tena, jibu ni lilelile. Mke akapika wali kwa siri, akachukua maziwa na mto wa kulalia, akampelekea paa mwenyewe. Paa akafa. Hamdani akaamuru atupwe kisimani.

Nililia kwa kwikwi, kamasi zikanitoka. Mama mdogo, ili anyamazishe kilio usiku wa furaha, akasema, "Haya, kila msichana aseme angekuwa nani." Wote binti sultani, mmoja baada ya mwingine. Zamu yangu nikasema paa.

"Paa! Na nani akuoe?"

Nikasema sitaki kuolewa, nataka kukaa na bwana kama walivyokaa kabla ya uji. Ua mzima ukaangua kicheko. Mmoja akasema huyu tutamwoza kwa beberu la Amboni. Bibi harusi akacheka hadi hina ya mguu wa kushoto ikachafuka, ikabidi ichorwe upya. Bibi hakucheka, ingawa hakunitetea pia. Aliyesema neno ni mwenzake, tuliyemwita Bibi wa Pili, aliyekuwa anaipepea ile miguu kwa kipepeo. "Hamdani hakuwa na haya," akasema, akaendelea kupepea.

Harusi ikapita. Miaka ikapita. Posa zilikuja, mbili tatu za watu wazuri kabisa. Nilingoja hicho wanachokiimba kwenye taarabu kinishike kama homa, hakikunishika. Vijana wa mtandaoni sasa wanasema aromantiki. Mtu asiyeshikwa na mahaba. Sawa. Rafiki yangu wa sekondari alipopasuliwa nililala sakafuni chini ya kitanda chake, na kwenye fomu, palipoandikwa "uhusiano", nikajaza "ndugu", kwa sababu nafasi ilikuwa fupi na nesi ana haraka.

Baadaye nimeikuta hadithi ileile katika kitabu cha Edward Steere, kilichochapwa London mwaka 1870 kwa masimulizi ya watu wa Unguja. Mwishoni Hamdani anaamka yuko jaani, anapekua mtama. Bibi aliitumia hadithi hii kutukanya tusiwe watovu wa shukrani, wala hakuwa na lingine. Labda nami nilikuwa mtoto tu mwenye kupenda wanyama. Tena paa si wa kumuonea gere: alitoa kila kitu, akaishia kisimani. Siku hizi nikiulizwa ningejibu kama wale wasichana, binti sultani, ila si kwa ajili ya harusi. Kwa ajili ya ule wali wa siri. Hakuwa na deni lolote kwa paa.

Bibi wa Pili alihamia kwa Bibi na kitanda chake cha samadari wote wawili walipokuwa wajane, wakakaa chumba kimoja, wakigombana kuhusu redio na dirisha, hadi Bibi alipofariki. Kuna siku nilijikaza nikamuuliza Bibi kama anampenda mwenzake. Akanitazama kama nimeuliza bei ya mwezi.

"Yule?" akasema. "Yule ananimalizia tambuu yangu."