Namba Tatu, Bastola Moja

Nilikuwa na miezi michache tu katika kampuni moja ya mnada huko Marekani, nikikadiria umri wa silaha za kale kwa namba zao za mfululizo, siku nilipoletewa Colt ya muundo wa 1873, bastola ya silinda iliyowahi kubebwa na jeshi la nchi hiyo, yenye herufi U.S. ubavuni. Niliipindua chini ya taa, nikachokoa uchafu uliokuwa umeganda ndani ya tarakimu, kisha nikasoma kwa lenzi. Namba ya fremu, kiunzi kikuu cha bastola, ilikuwa ya elfu 47, yaani mwaka 1878. Ya kinga ya kifyatulio ilikuwa ya elfu 12, yaani 1874. Na ya mgongo wa mpini ilikuwa ya elfu 85, yaani 1883.

Nikaandika kwenye kadi, tena kwa wino, kwamba hiyo ilikuwa silaha ya kuungaunga isiyo na thamani kubwa. Nakiri kwamba nilijisikia mjanja.

Mzee aliyenifundisha kazi hakubishana nami. Alichukua rula, akaulaza mtutu juu yake: inchi 5.5. Mitutu ya bastola za wapanda farasi ilitoka kiwandani Hartford ikiwa na inchi 7.5. Jeshi lilipohamia bastola za kalibari (kipenyo cha risasi) ya .38 mwaka 1892, alinieleza, hizi za .45 ziliwekwa ghalani, kisha kati ya 1895 na 1903 nyingi zikatolewa ili zifupishwe mitutu na kukarabatiwa. Zilifunguliwa kwa mafungu, na mafundi walioziunga upya walichukua kipande chochote kilichokuwa karibu, bila kujali namba. Ndizo ambazo wakusanyaji huziita bastola za kikosi cha mizinga. Kisha akanionyesha kwenye mbao ya mpini muhuri uliofifia wa R.A.C., herufi za mkaguzi Rinaldo A. Carr, ambao nilikuwa nimeupita nikidhani ni mkwaruzo.

Nilimuuliza basi tuandike mwaka upi. Fremu, alijibu, kwa sababu sheria ya Marekani huihesabu fremu kuwa ndiyo silaha yenyewe, na iliyotengenezwa hadi mwisho wa 1898 huhesabiwa kuwa ya kale.

Nikachana kadi yangu. Ya pili niliiandika kwa penseli: fremu ya 1878, kinga ya 1874, mgongo wa 1883, mtutu uliofupishwa, muhuri wa ukarabati, nafasi ikaniishia, nikaendelea nyuma.