Vijineno Vinavyofuata "Put"

Mwaka wangu wa kwanza kazini, nikiwa karani katika ofisi ndogo ya utalii hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, nilipokea ujumbe wa familia moja kutoka Uingereza iliyoomba "put off" safari yao ya kesho yake kwenda kisiwa cha Changuu. Nililijua "put" kuwa ni kuweka, na "off" nililiona kila siku kwenye swichi likimaanisha kuzima, kwa hiyo nikahitimisha kwamba wanafuta safari na nikawapa wageni wengine boti yao. Baada ya siku mbili walifika ofisini na watoto wao, malipo ya awali wamekwisha kuyatoa, wakiuliza wataondoka saa ngapi, na siku hiyo boti zote zilikuwa zimechukuliwa. Walikuwa wameomba kuahirisha. Kufuta wangesema "call off". Nyuso za wale watoto ndizo zilizonifanya nianze kujifunza kwa bidii vitenzi hivi vya Kiingereza, ambavyo kijineno kama "off" au "up" kinachovifuata hubadilisha maana yake.

Nilianza vibaya. Niliorodhesha "put on", "put out", "put away" na "put up with" upande mmoja wa karatasi, maana za Kiswahili upande wa pili, nikakariri usiku, na kulipokucha kila kijineno kilikuwa kimehamia kwa mwenzake. Kilichonisaidia hatimaye ni kuitazama lugha yangu mwenyewe. Sisi tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga picha na tunapiga kura, wala hakuna mtoto aliyelelewa katika Kiswahili anayeuliza ni nani aliyeumia, kwa sababu "piga" limekwisha kuliachia neno linalolifuata kazi ya kubeba maana, na mtoto huyo aliyasikia maneno yote mawili pamoja tangu mwanzo. Tunasema pia "tupilia mbali" na "potelea mbali", ambamo "mbali" halipimi umbali wowote bali linaonyesha kwamba jambo limekwisha kabisa. Nilipoliona hilo nilielewa kwamba "up" katika "eat up" na "use up" linafanya kazi ileile: chakula kimekwisha sahanini, akiba imekwisha yote.

Tangu hapo nimekuwa nikikiuliza kila kijineno kinaelekea wapi. "Off" huelekea kwenye kutengana na kuondoka, karibu kama kiambishi chetu cha kutendua kinachogeuza "funga" kuwa "fungua". Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Musa anaambiwa mbele ya kijiti kinachowaka "put off thy shoes", yaani avue viatu, maana ambayo leo imehamia kwenye "take off". Safari inayokuwa "put off" nayo imeondolewa kwenye siku yake na kusogezwa mbele. Kwa hiyo nilipodhani kwamba kuna kitu kinachoondolewa sikuwa mbali na kweli. Nilichokosa kujua ni kwamba kinachoondolewa ni tarehe, na safari yenyewe inabaki.

Njia hii ina mpaka wake, nami sitaki kumdanganya anayeanza. Hakuna kitu katika "up" wala "with" kitakachokuonyesha kwamba "put up with" ni kuvumilia. Hilo linapokelewa zima, kama tunavyopokea "piga chuku". Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake iliyotoka London mwaka 1755, aliandika kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowapa wageni ugumu mkubwa kuliko yote, na mimi hupata faraja kwamba mtu aliyekijua Kiingereza kwa kina namna ile aliliona hilo.

Mahali pa kuweka mtendwa, yaani kile kinachotendwa, ndipo wengi wetu tunapokosea hata baada ya kujua maana. Unaweza kusema "put off the trip" au "put the trip off", lakini ukilitumia "it" ni lazima likae katikati: "put it off". Kwetu kanuni hii haipaswi kuwa ngeni, kwani tunaposema "tumeiahirisha", ile "i" ya safari imekaa ndani ya kitenzi. Tahadhari ni kwa vile vya maneno matatu, ambavyo vingi havigawanyiki, na "it" hubaki mwisho: "put up with it".

Daftari langu sasa lina kurasa 11 za "put" peke yake, na sikuandika humo neno lolote lisilo na sentensi niliyoisikia kwa mtu aliyekuwa mbele yangu. Ya mwisho ilitoka kwa mama mmoja aliyeingia ofisini jioni, mvua ikinyesha, nyumba aliyokuwa ameiwekea nafasi ikiwa imejaa: "Could you put us up for two nights?" Safari hii nilielewa papo hapo kwamba anaomba malazi. Nilimpigia simu jirani mwenye vyumba, na walipokwisha kwenda nikaiandika sentensi yake, nikapiga mstari chini ya "us".