Siku yangu moja Arabuko, kwenye njia za paa za babu

Saa kumi alfajiri simu inalia lakini mi nshaamka kitambo, siku nikiwa na mgeni wa kumtembeza msituni usingizi haukai. Mwezi wa nane huu, kusi bado yavuma na ubaridi wa alfajiri si mchezo. Chai ya tangawizi, mahamri mawili ya jana, buti, darubini, nikaita boda mpaka geti la msitu wa Arabuko-Sokoke pale Gede, pwani ya Kenya.

Mgeni wa leo ni mzee kutoka Wisconsin, Marekani, amekuja kuangalia ndege. Saa kumi na moja tushaingia kwa gari mpaka upande wa udongo mwekundu, huko ndo anakaa yule bundi mdogo wa Sokoke, hata sentimita 20 hafiki. Tulimsikia akiita mara tatu nne, kumuona hatukumuona.

Kukapambazuka. Tukarudi upande wa miti ya mirihi, kwenye mchanga mweupe, tukaketi kwenye gogo. Nilimwambia mzee tukae kimya nusu saa, wageni wengi hapo huanza kutoa simu, yeye akatulia kama jiwe. Baadaye nikamuuliza umejifunza wapi kukaa hivi, ndo akaniambia kwao yeye ni mwindaji tangu utotoni. Msimu wao wa bunduki ni siku tisa tu, mwezi wa kumi na moja, na leseni juu, na lazima uvae nguo za rangi kali, ya machungwa au ya waridi, ili mwenzako asikufyatulie risasi. Anapanda kwenye kiti chake juu ya mti bado giza, theluji chini, anasubiri. Miaka mitatu sasa hajapiga kitu, asema anakwenda tu kuona msitu ukiamka.

Mnyama wanayemuwinda, deer kwa Kiingereza, kamusi yaniambia nimwite kulungu, lakini sisi kulungu wetu ni mwengine kabisa. Pembe za yule wa kwao huanguka kila mwaka zikaota upya, na ni za madume peke yake. Za paa wetu akishaota ndo hizo hizo mpaka afe. Mzee hakuwa analijua hilo, tukaligeuza geuza hapo kwa muda mrefu na nilifurahi sana, kwa sababu ni mazungumzo niliyokuwa nikiyafanya na babu.

Babu yangu alikuwa mwindaji wa upinde humu humu. Sheria za mkoloni zilikuwa zishawabana watu kama yeye, halafu mwaka 1977 serikali ikafunga uwindaji wa wanyama nchi nzima, akauweka upinde darini na hakuushusha tena. Lakini mdomo hakuufunga. Kila ninachojua cha kazi hii ni chake: paa mdogo hunya mahali pamoja siku zote, kwa hivo ukiona kichungu cha mavi mabichi jua mwenye nyumba hayuko mbali. Ukisikia majani makavu yanaparuliwa haraka haraka ni sange, yule mnyama mdogo wa pua ndefu mwenye makalio ya dhahabu. Na ukimtaka paa nunga usimtafute chini, tafuta kima juu ya mti, kwa maana wao wanadondosha matunda na maua na yeye yuko chini yao anaokota.

Saa tatu kasoro tukawasikia kima. Nikamshika mzee mkono. Dakika kumi, ishirini, mbu wanatula, halafu akatoka, mwekundu, mdogo, na ule mkanda mweupe matakoni kama amechorwa, akaokota ua, akatafuna, akatutazama, akaenda zake. Duniani huyu yuko pwani yetu hii na Unguja, na si pengine pengi. Mzee alikuwa anatetemeka. Akasema kwa sauti ya chini hii ndo ile ile, yaani ile anayoifuata kule kwenye mti wake.

Saa tano, hatua chache tu kutoka hapo, nikakuta kitanzi. Waya wa breki ya baiskeli, umefungwa kwenye mche na umewekwa sawasawa kwenye njia ya paa, kimo cha shingo. Aliyeutega anaijua kazi, na hilo ndo liliniuma, kwa sababu elimu hiyo ni ya babu pia. Mshale humchagua mnyama. Waya hauchagui, unashika jike mwenye mimba, unashika sange, na mwenyewe akisahau kurudi nyama inaozea hapo. Najua njaa iko vijijini, siwezi kumtukana mtu ninayempita sokoni kila siku, lakini nilikata waya ule mikono ikinitetemeka kwa hasira. Nikampigia askari wa wanyama nikamweleza mahali.

Mchana wali wa nazi na maharagwe pale Gede, kisha hori la Mida kuangalia ndege wa matopeni maji yakitoka. Saa kumi na mbili niko nyumbani.

Bibi yangu bado yuko hai, macho yamemuishia. Kila nikirudi Arabuko huniuliza swali moja, na leo kabla sijavua buti akauliza.

"Umemuona?"

"Nimemuona bibi."

"Mwenye mkanda?"

"Huyo huyo, alikuwa anakula maua."

Akanyamaza kidogo. "Basi wako," akasema, akaniambia nikanawe mikono tule.